Diwani: Neno Lililotoka kwenye Daftari

Diwani wa kata akizawadiwa diwani ya mashairi, Mswahili hababaiki. Ngeli zimeshamtenganishia: huyu ni diwani, wakiwa wengi ni madiwani, hii ni diwani, na hata zikiwa mia ni diwani tu. Wanafunzi hudhani ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati, kama kaa wa baharini na kaa la moto. Sivyo. Ni neno moja, tena la Kiajemi.

Huko Uajemi lilikuwa daftari la serikali, pamoja na ofisi ya makarani walioliandika. Mwanahistoria Ibn Khaldun anasimulia kwamba Kisra, mfalme wa Waajemi, aliwakuta makarani wake wakipiga hesabu huku wakijisemea, akawaita wendawazimu, kwa neno la Kiajemi linalofanana na diwani, na jina likawaganda. Kisa kitamu, ingawa wanaisimu wengi hulifungamanisha neno na mzizi wa kale unaohusu maandishi. Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin Khattab alianzisha diwani ya kuandikisha askari na posho zao. Baadaye Waarabu wakakiita diwani pia kitabu kinachokusanya mashairi ya mtu mmoja, maana nacho ni daftari la aina yake.

Kutoka hapo kila taifa lilichukua kile lilichokutana nacho. Wafanyabiashara wa Italia walikutana na diwani bandarini, wakitozwa ushuru. Kwao ikawa dogana, kwa Wafaransa douane. (Sisi kwa kazi hiyo tulikopa neno jingine la Kiarabu, forodha.) Kwa Waturuki lilikuwa baraza la sultani. Chumba cha baraza kilizungukwa na viti virefu vyenye mito, na Waingereza waliishia kuchukua viti vyenyewe: kwao divan ni kochi au kitanda. Lakini mwaka 1765, mfalme wa Wamughal Shah Alam II alipoipa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki diwani ya Bengal, Bihar na Orissa, hakuwapa pa kulala. Aliwapa haki ya kukusanya kodi ya mamilioni ya watu, na ni vigumu kutaja neno la kikarani lililowagharimu watu zaidi ya hilo.

Pwani yetu ililifanya neno kuwa mtu. Watawala wa Vumba Kuu, karibu na Vanga, waliitwa madiwani, na cheo hicho kilijulikana pia katika miji ya Mrima. Diwani wa namna hiyo alitawazwa kwa nasaba na siwa, si kwa kura. Serikali za mitaa zilipohitaji jina la mjumbe wa halmashauri, cheo kilikuwapo tayari, kikateremka kutoka ufalme hadi kata.

Maana ya kitabu nayo iliendelea kivyake, kuanzia Diwani ya Mnyampala hadi Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, iliyotoka mwaka 1971. Tanzania ina madiwani wa kata na diwani za mashairi hadi leo. Kenya, tangu uchaguzi wa 2013 chini ya Katiba ya 2010, viti vya madiwani vimechukuliwa na wawakilishi wa wadi, na diwani iliyobaki rasmi ni ile ya kusomwa darasani.