Kabla hujachomelea kichanja cha kayaki

Wiki mbili zilizopita alinijia ofisini kijana mmoja anayetembeza wageni kwenye mikoko. Ana boti ya faiba ya mita sita, injini moja, na anataka kubeba kayaki nne mpaka kwenye kijito, wageni waanze kupiga kasia hapo. Mchoro wake ulikuwa hivi: mabomba ya chuma yamesimama pande zote mbili, kichanja kiko juu ya vichwa vya abiria, kayaki zote nne ziko huko juu. Fundi alikuwa ameshampa bei. Nikamwomba asitoe hata shilingi kwanza.

Nina sababu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliona boti iliyofungiwa mtumbwi juu ya miti. Ilikata kona kuingia mwaloni, upepo ukapiga ubavuni, ikalala na haikuinuka. Watu wote tuliwatoa. Injini ilikaa chini ya maji siku mbili, na mzee mwenye nayo alikuwa bado anailipia mkopo.

Kubeba chombo kidogo juu ya kikubwa si jambo jipya, ndugu msomaji, na waliotutangulia walilifanyia kazi kweli kweli. Nadhani mchoro wa yule kijana ulitoka kwenye picha ya meli za kuwinda nyangumi za Marekani. Moja bado ipo: Charles W. Morgan, iliyoshushwa majini New Bedford mwaka 1841 na sasa inatunzwa Mystic, Connecticut. Mashua zake, kila moja ya watu sita, zilining'inizwa ubavuni juu ya maji, tayari kushushwa nyangumi akionekana. Za akiba ziliwekwa kwenye kichanja juu ya sitaha. Meli za aina hii zilifika hadi Zanzibar, J. Ross Browne alifika kisiwani humo kwa safari ya namna hiyo na kitabu chake kilitoka mwaka 1846. Ukiitazama picha utasema, mbona wao waliweka juu? Tazama chini. Meli ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 30, na tumboni imejaa mapipa ya maji na mafuta. Uzito wa chini ulishinda wa juu kwa mbali. Boti yako chini ina nini? Tangi la petroli na viatu vya wageni.

Wavuvi wa chewa wa Atlantiki ya Kaskazini walikuwa na shida kubwa zaidi, kwa sababu walihitaji vyombo vidogo vingi. Hapa ndipo ninapopapenda. Kutoka Gloucester, Massachusetts, skuna zilikwenda kwenye kina kifupi cha Grand Banks, karibu na Newfoundland, zikiwa na mashua ziitwazo dori. Dori ina kitako bapa na mbavu zilizotanuka kama bakuli, na mbao zake za kukalia zinachomoka. Ukizichomoa, dori ya pili inaingia ndani ya ya kwanza, ya tatu ndani ya ya pili, kama sufuria za muuza vyombo sokoni. Rundo zima linakaa juu ya sitaha yenyewe, bila kichanja, limefungwa kamba, na kila dori inainuliwa kwa kapi. Wareno waliendelea na uvuvi huo hadi miaka ya 1970. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na skuna yao Argus mwaka 1950, ikiwa na dori zaidi ya 50, kila moja ya mvuvi mmoja. (Huyu Villiers ndiye aliyekuja huku kwetu na jahazi la Kuwait mwaka 1938 hadi 1939, akafika Zanzibar na delta ya Rufiji walikokwenda kupakia boriti.)

Kwa hiyo wale hawakuuliza kichanja kiwe kirefu kiasi gani. Walibadilisha umbo la chombo kidogo ili kisihitaji kichanja.

Lakini boti ya kijana wetu haifanani na skuna pia. Inafanana na boti za Qaanaaq, kaskazini kabisa mwa Greenland. Kayaki ni ya Wainuit. Waliijenga kwa fremu ya mbao zilizoletwa na mawimbi na ngozi ya sili, nyepesi kiasi cha mtu mmoja kuibeba. Huko bado wanawinda narwali, nyangumi mwenye jino refu kama mkuki, na hushtushwa sana na mlio wa injini. Basi mwindaji hupakia kayaki kwenye boti ndogo ya injini, akifika karibu anazima, anashusha kayaki na kumfuata mnyama kimya kwa chusa. Boti ndogo, kayaki moja, watu wachache.

Nilimwambia kijana achukue ya Wareno na ya Qaanaaq, aache ya Morgan. Kayaki zake ni za plastiki, aina moja, zilizo wazi juu, kilo 25 hivi kila moja. Mbili tu zipande botini, moja ndani ya nyingine, zilale kwa urefu katikati, juu ya mihimili miwili ya mbao isiyozidi kimo cha ukingo wa boti, yenye mpira wa tairi juu yake. Kamba ifungwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Nyingine mbili zivutwe nyuma siku bahari ikiwa shwari, ikichafuka, zibaki.

Kabla ya mgeni kupanda, pakia kila kitu kwenye maji ya kifuani, weka mifuko ya mchanga mahali pa abiria, kisha watu wawili wakae upande mmoja na kuinuka ghafla. Boti ikirudi haraka, sawa. Ikirudi polepole kama mtu anayefikiria, punguza mzigo au ushushe.

Amerudi kwa fundi seremala badala ya wa kuchomelea. Mihimili miwili ya mkenge, na bado anatafuta tairi la zamani.