Tuna asasi nyingi, lakini nani atatufundisha kuziendesha?

Mwezi Mei 2024, siku chache baada ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma kuanza kutumika hapa Kenya, kamati yetu ilikaa barazani baada ya sala ya alasiri. Tuko watu kumi na watatu na kazi yetu ni ndogo: tunachangisha karo ya watoto wa mtaa wetu wasio na wa kuwalipia. Kijana mmoja akauliza, "Wazee wangu, sisi tuko chini ya sheria gani?" Mwenyekiti akanitazama mimi kwa kuwa ndimi mweka hazina. Mimi nikamtazama katibu. Katibu akafungua faili, akatoa cheti kilichokwisha geuka rangi, kimeandikwa kwamba sisi ni kikundi cha kujisaidia. Hakuna aliyejua kama kile cheti bado kina nguvu.

Kamati yetu si ya watu wasiosoma. Yumo mwalimu mstaafu, yumo karani wa bandarini, wamo wafanyabiashara wawili, na yumo binti mwenye shahada ya biashara. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuketi darasani akafundishwa asasi isiyotafuta faida ni kitu gani, inatofautianaje na duka au ofisi ya serikali, na mali yake ni ya nani hasa. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonipeleka kuuliza jambo ninaloliandika leo: elimu ya sekta hii katika vyuo vikuu vyetu, na kwa nini naona haiwezi kusimama bila vyuo vya Kenya, Tanzania na Uganda kushikana.

Nieleze kwanza ukubwa wa mkanganyiko. Hapa Kenya watu wakitaka kufanya jambo la kheri pamoja wana milango mingi. Wanaweza kuwa kikundi cha kijamii chini ya sheria ya 2022, au chama chini ya sheria ya zamani ya vyama. Wanaweza kuweka amana yenye wadhamini, au kuandikisha kampuni isiyo na hisa ambayo wanachama wake hutoa dhamana tu. Wanaweza kuwa shirika la manufaa ya umma, na Mwislamu anaweza kuweka wakfu. Kila mlango una ofisi yake na masharti yake ya hesabu, na ukiingia usiofaa huenda ukagundua miaka kumi baadaye, pale mfadhili anapotaka karatasi usiyokuwa nayo. Hiyo sheria ya manufaa ya umma yenyewe ilitiwa saini Januari 2013 na ikakaa kabatini miaka kumi na moja, ingawa Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2016 ianze kutumika.

Vuka Lunga Lunga uingie Horohoro, mambo yanabadilika. Tanzania Bara ina Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2019. Zanzibar sheria hiyo haifiki, kwa sababu jambo hili si la Muungano. Wao kwa miaka mingi wametumia sheria yao ya jumuiya ya 1995. Uganda walitunga yao mwaka 2016, kisha mwaka 2024 ofisi iliyoisimamia ikarudishwa ndani ya wizara ya mambo ya ndani. Hata majina hatukubaliani. Sisi twasema shirika lisilo la serikali, wenzetu wa Tanzania wanasema asasi za kiraia na kuzifupisha AZAKI. Mvuvi wa Vanga na nduguye wa Tanga wakitaka kuunda chama kimoja cha kulinda mwambao wao, watajikuta na katiba mbili, hesabu mbili na lugha mbili za kiofisi kwa kazi moja.

Wataalamu wa somo hili wana kipimo ambacho nimekiona kinasaidia. Kilitumika katika utafiti mkubwa wa kulinganisha nchi ulioanzishwa mwaka 1991 na Lester Salamon wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Asasi huhesabiwa kuwa ya sekta hii ikiwa na mambo matano: ina mpangilio unaodumu, haimo ndani ya serikali, haiwagawii wenyewe faida, inajitawala, na watu wanaingia kwa hiari. Jaribu kipimo hiki mtaani kwako. Madrasa inapita. Kamati ya maziko inapita. Upatu wa kina mama haupiti, kwa sababu fedha zinarudi kwa wanachama wenyewe, japo unawafaa zaidi kuliko mashirika mengine yenye magari makubwa. Na wakfu je?

Hapo kwenye wakfu ndipo kipimo cha kigeni kinapokwama, na ndipo nadhani Pwani yetu ina la kuifundisha dunia. Aliyeweka nyumba wakfu kwa msikiti ameiondoa mikononi mwake moja kwa moja: haiuzwi, hairithiwi, mapato yake tu ndiyo hutumika. Lakini wapo pia walioweka wakfu kwa wanawe na wajukuu, na mwisho wa kizazi mali iende kwa maskini. Hiyo ni sadaka au ni mirathi? Kwa fikihi, kumlisha jamaa yako ni sadaka. Kwa sheria ya Kiingereza, kheri lazima iwe ya umma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi ya familia moja ya hapa Kenya ilifika hadi London, kwenye Baraza la Faragha la Uingereza, na majaji wakaubatilisha wakfu wa aina hiyo wakifuata hukumu ya mwaka 1894 ya Baraza hilo hilo katika kesi iliyotoka India. Ilibidi sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951 iuhalalishe wakfu wa kizazi kwa maandishi. Leo tuna Sheria ya Wakfu ya 2022. Mwanafunzi anayesoma uongozi wa asasi Mombasa bila kuisoma historia hii atatoka amesomea nchi nyingine.

Mfano wangu wa pili uko Gazi, Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Fedha zinakwenda kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Ulifanikiwa kwa sababu watafiti wa KMFRI walishirikiana miaka mingi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier. Mkoko wenyewe umepimwa shina kwa shina. Lakini nyuma ya mkoko kuna jambo jingine la kusomwa: kamati ya kijiji inayochaguliwa na wanakijiji, shirika la hisani lililoandikishwa Scotland ambalo husimamia mauzo, na kiwango cha kimataifa cha kuthibitisha kwamba hewa iliyouzwa ni ya kweli. Nani anaamua mgao? Wanakijiji wanamhojije aliye Scotland? Vanga, Jimbo na Kiwegu wameshaufuata mfano huo, na mikoko ya Vanga haisimami kwenye mpaka, inaendelea hadi Tanga. Somo hili halihitaji maabara. Linahitaji walimu wanaolijua, na vitabu.

Duniani walimu hao wapo. Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kilianza na kituo cha utafiti wa hisani mwaka 1987, na mwaka 2012 kikawa na skuli nzima inayotoa hadi shahada ya uzamivu. Hapa barani, Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg kiliweka kiti cha uprofesa wa hisani ya Kiafrika mwaka 2016. Afrika Mashariki nayo haikulala kabisa: Karuti Kanyinga na Winnie Mitullah wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliifanyia Kenya ule utafiti wa Johns Hopkins, na watafiti wa Tanzania na Uganda wakazifanyia nchi zao, matokeo yakachapishwa katika kitabu kimoja mwaka 2004. Tatizo ni kwamba utafiti ni wa watu wachache kwa muda, na darasa ni la kila mwaka. Kwetu, anayetaka kuongoza asasi husoma maendeleo ya jamii, au uhasibu, au ustawi wa jamii, kisha hujazia mengine kwa semina za siku tatu hotelini zinazolipiwa na mfadhili. Semina hizo nimehudhuria mbili. Zilifundisha namna ya kujaza fomu za mfadhili huyo.

Chuo kimoja hakiwezi kuliziba pengo hili. Pwani cha Kilifi au TUM cha Mombasa kikianzisha shahada peke yake, kitahitaji mwanasheria wa asasi, mhasibu anayejua hesabu za ruzuku, mwanahistoria, mtu wa fikihi ya wakfu na mtu wa uchumi. Ukimpata mmoja mzuri, mashirika yenyewe yatakunyang'anya kwa mshahara. Lakini ukiwatazama waliopo Mombasa, Kilifi, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala kwa pamoja, orodha inaanza kujaa.

Na jambo hili tumewahi kulifanya. Kati ya 1963 na 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi Nairobi, aliyetaka udaktari Makerere. Kilipovunjika, uhusiano ulibaki kwenye kamati, na mwaka 1980 ukawa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako Kampala. Mwaka 2017 marais wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu, maana yake sifa za mwanafunzi zitambuliwe kutoka nchi hadi nchi. Karatasi zipo, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar kwa ajili ya istilahi. Mombasa yenyewe ina ukumbusho: TUM kilizaliwa kama MIOME, taasisi iliyojengwa kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na Mabohora pamoja na fedha za serikali ya kikoloni, kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki nzima. Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu nacho kiliasisiwa mwaka 1998 na jumuiya ya hisani. Vyuo vilivyotokana na sadaka havifai kuona haya kuifundisha sadaka.

Mimi singeanza na shahada. Ningeanza na kozi moja ya mwaka mmoja, ya stashahada, vyuo vitatu au vinne vikigawana vipindi: Zanzibar wafundishe wakfu, Dar es Salaam sheria za nchi zetu kwa kulinganisha, Mombasa hesabu na ukaguzi, Kilifi asasi za mazingira, na wanafunzi walale wiki mbili Gazi au Vanga wakisoma daftari za kamati. Ifundishwe kwa Kiswahili, kwa sababu daftari zenyewe zimeandikwa kwa Kiswahili. Kikwazo nikionacho si fedha tu. Mfadhili akilipa yote, mtaala utakuwa wake, na serikali ikilipa yote, sura ya kuisimamia serikali haitafundishwa. Karo ya wanafunzi, mchango wa asasi zinazowatuma watu wao, na kipande cha mapato ya wakfu panapofaa kisheria, vichanganywe, asiwepo wa kusema chuo ni chake.

Kamati yetu bado iko. Yule binti wa shahada ya biashara alikwenda ofisini mara tatu, akarudi na jawabu kwamba sisi ni kikundi cha kijamii na tujiandikishe upya hivyo. Mwalimu mstaafu akauliza basi ile nyumba ndogo tuliyopewa na marehemu mmoja, kodi yake isomeshe watoto, iko kwa jina la nani. Iko kwa jina langu.