Mikono mingi juu ya bei moja: historia fupi ya kuuza nyumba Karatu na Ngorongoro

Mwaka jana mjomba wangu aliuza nyumba yake Karatu mjini kwa shilingi milioni 50. Aliponipigia simu hakutaka pongezi. Alitaka nimsaidie hesabu. Madalali walikuwa wawili, na kila mmoja alidai ndiye aliyemleta mnunuzi. Wakili alitaka ada ya kuandaa mkataba. Kiongozi mmoja wa mtaa alitaja asilimia kumi ya bei, bila kueleza inatokana na sheria gani. Mashahidi nao walisubiri cha soda. "Mpwa wangu," aliniuliza, "hivi aliyejenga nyumba hii ni mimi au ni hawa?"

Swali lake lina umri mkubwa kuliko nyumba yake. Mwaka 1895 amri ya Kaizari wa Ujerumani ilitangaza kwamba ardhi yote ya koloni isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na dola yenyewe ndiyo iliyoamua nani ni mwenyewe. Kwa mamlaka hayo ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walipata mashamba ndani ya kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo Wamaasai walikuwa wakilisha na kunywesha mifugo yao. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha, Waingereza walitaifisha mali za Wajerumani na kuziuza kama mali za adui. Shamba la Siedentopf likaangukia mikononi mwa Sir Charles Ross, Mskoti aliyejulikana kwa bunduki yenye jina lake. Katika biashara hiyo mwenye nyumba hakuwepo, na waliokuwa na ardhi kabla yake hawakuulizwa. Aliyeuza ni dola, na dola ndiyo iliyochukua bei. Si ajabu kwamba katika Kiswahili neno dalali linambeba mnadishaji na mtafuta wateja kwa pamoja.

Sheria ya Ardhi ya 1923 iliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya Gavana. Katika miaka iliyofuata, miteremko ya Oldeani iligawiwa kwa walowezi wa kahawa, wengi wao Wajerumani, waliokuja kuwekwa kizuizini vita ilipozuka tena mwaka 1939. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki wa kudumu ulifutwa na kugeuzwa kuwa upangaji wa serikali, na mwaka 1969 upangaji huo ukawa haki ya kukaa katika ardhi. Msingi ulikuwa ule ule: ardhi tupu haina bei. Anayeuza anauza maendelezo, yaani nyumba, kisima, miti na jasho lake.

Kanuni hiyo ilikuwa na nia njema ya kuzuia ulanguzi, lakini ilizaa tabia mbaya. Kwa kuwa kiwanja kitupu hakikuweza kuuzwa kihalali, watu walijenga msingi wa matofali machache wakauza "nyumba". Bei moja iliandikwa kwenye karatasi, nyingine ikahesabiwa chumbani. Biashara inayofichwa humhitaji mtu anayejua njia za kuificha, na huyo hafanyi kazi bure. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya nguvu ya madalali wetu wa leo ilikua katika kivuli hicho.

Upande wa vijiji mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Karatu, iliyokuwa sehemu ya Mbulu hadi miaka ya 1990, ilijazwa na Wairaqw waliotoka katika nyanda zao za zamani kutafuta mashamba. Kwao ardhi mpya haikununuliwa. Ilifunguliwa na kugawiwa kwa idhini ya wazee wa eneo. Baada ya vijiji kuundwa, idhini hiyo ilihamia kwa halmashauri ya kijiji. Mwaka 1985, katika shauri la Nyagwaswa dhidi ya Nyirabu, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila ridhaa ya kijiji hayana nguvu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 nayo imeendelea kuitaka ridhaa hiyo.

Hapo ndipo nashuku kwamba asilimia kumi ilipata mlango. Ridhaa ilikuwa kinga ya jamii, isije ikaamka na kukuta bonde zima limekwenda kwa mgeni. Kidogo kidogo ikageuzwa kuwa fungu la bei, kisha ikahamia hata mjini, ambako mwenyekiti wa mtaa hana madaraka ya kuridhia mauzo ya nyumba yenye hati. Someni Sheria Na. 4 na Na. 5 ukurasa kwa ukurasa: hamtakuta mwenyekiti akipewa asilimia kumi. Watumishi wa umma mnaosoma makala hii mnalijua hilo kuliko mimi.

Wakili ni habari nyingine. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye na sifa kuandaa nyaraka za namna hii kwa malipo. Ada yake ina kanuni, ina risiti, na akikosea kuna mahali pa kumshitaki. Dalali wa nyumba hana sheria mahususi inayomsajili wala kumpangia kiwango. Hufanya kazi ya kweli, sikatai, lakini hufanya bila daftari.

Tupande sasa hadi lango la Loduare. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa 1959 na kupokea Wamaasai waliohamishwa kutoka Serengeti, mjomba mwingine hawezi hata kuwa na tatizo la mjomba wangu. Kujenga kunahitaji kibali, kulima kumekatazwa, na soko la nyumba halipo. Tangu 2022, familia zinazoondoka kwenda Msomera, wilayani Handeni, zinalipwa fidia badala ya bei, katika mpango ambao hiari yake bado inabishaniwa vikali. Lakini tazameni kifungu cha 3 cha Sheria ya Ardhi: fidia kamili ni thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, na pia gharama za kuipata ardhi yenyewe. Kwa maneno mengine, sheria inakiri kwamba kuhama nyumba kuna gharama kuzidi matofali. Inakiri hivyo dola inapochukua. Raia anapomuuzia raia mwenzake, tunajifanya gharama hizo ni siri ya chumbani.

Na siri hiyo ina bei. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 hutoza faida ya kuuza nyumba asilimia 10 kwa mkazi, lakini huisamehe nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi, iwapo faida haizidi shilingi milioni 15. Sheria hiyo hiyo inaruhusu ada za wakili, dalali na mthamini kuhesabiwa kama gharama. Mjomba alikuwa na kopo la biskuti lililojaa risiti za saruji na mabati zenye jumla ya milioni 33. Faida ikawa milioni 17, na kodi milioni 1.7. Ada za wakili na dalali zilifika milioni 3.5, zikiwa na risiti, faida inashuka hadi milioni 13.5 na kodi inafutika. Na kama asingekuwa na kumbukumbu yoyote, tangu 2023 sheria ingemtoza asilimia 3 ya bei nzima, yaani milioni 1.5.

Wakili alitoa risiti siku hiyo hiyo. Dalali aliyebaki, baada ya mwenzake kushindwa kuthibitisha dai lake, alicheka alipoombwa, kisha akaandika na kutia saini. Aliyedai asilimia kumi aliombwa risiti ya serikali yenye kutaja kifungu. Alisema angerudi kesho. Mjomba bado anamsubiri.