Mwalimu Mmoja kwa Mtoto Mmoja

Liko swali ambalo chama chochote cha ustawi wa watu hakina budi kulijibu kila kifungapo hesabu zake za mwaka: Je, ni haki kumpa mtoto mmoja mwalimu mzima, hali kwingineko watoto arobaini wanamngoja mwalimu mmoja? Kwa habari ya mtoto asiyeona wala kusikia, jibu twalipata katika historia.

Laura Bridgman alizaliwa mwaka 1829 katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka miwili alishikwa na homa kali ya vipele vyekundu. Alipona, walakini macho na masikio yake yalikuwa yamekufa, na hata kunusa na kuonja kulidhoofu. Alibakiwa na kugusa tu. Siku zile wengi walidhani kwamba mtu wa namna hiyo hafundishiki. Lakini mwaka 1837 Dk. Samuel Gridley Howe alimpokea katika shule ya vipofu ya Perkins, mjini Boston.

Mafunzo yalianza kwa vitu vya nyumbani. Kijiko, kisu na ufunguo vilibandikwa karatasi zenye majina ya vitu hivyo kwa herufi zilizoinuka. Laura alipapasa kitu, akapapasa herufi, siku baada ya siku, akifuatisha tu pasipo kufahamu. Mwishowe alitambua kwamba kwa alama zile aweza kumwambia mwenziwe lililo moyoni mwake. Baadaye alifundishwa alfabeti ya vidole, ambayo mwalimu huiandika kiganjani mwa mwanafunzi. Hapo ndipo tuonapo sababu ya mwalimu kuwa wa mtoto mmoja: neno lipitalo kiganjani halisikiwi na darasa zima. Mkono ukiondoka, mtoto amerudi gizani na kimyani.

Mwaka 1842 mwandishi Charles Dickens wa Uingereza alimzuru Laura, akaandika habari zake kitabuni. Mwaka 1886 mama mmoja wa Alabama, Kate Keller, alizisoma. Binti yake Helen alikuwa amepotewa na macho na masikio kwa ugonjwa akiwa na miezi 19. Wazazi walitafuta msaada, na shule ya Perkins ikawapelekea Anne Sullivan, kijana wa miaka 20. Anne alikuwa amesoma shuleni humo kwa ubovu wa macho, akazoea kuzungumza na Laura kwa vidole. Alifika kwa Helen tarehe 3 Machi, 1887. Mwezi uliofuata, maji ya kisima yakimiminika juu ya mkono mmoja wa Helen, na mwalimu akiandika jina la maji katika mkono wa pili, mtoto alifahamu kwamba kila kitu kina jina. Mwaka 1904 alihitimu chuo cha Radcliffe, Anne akiwa kando yake akimwandikia masomo kiganjani.

Basi, fedha zilizotumika kwa Laura hazikuishia kwake. Hata hivyo tusimpime mtoto kwa sifa atakazopata. Laura hakupata digrii wala cheo. Aliishi shuleni humo, akishona na kuandika barua, hata alipofariki mwaka 1889. Alichopata ni kuweza kuuliza swali na kujibiwa.

Hapa Kenya watoto wa namna hii wako, na shule yao moja iko Kabarnet. Mwenye kusema kwamba gharama ni kubwa mno kwa mtoto mmoja, na akumbuke kwamba Laura naye alikuwa mtoto mmoja.