Kutibu mzizi wa jino: maumivu hukoma mapema, tiba huendelea

Kwa wakazi wa Ruziba, kusini mwa Bujumbura kwenye barabara iendayo Rumonge, jino linalokesha likiuma mara nyingi huishia kung'olewa. Ipo njia nyingine inayoliacha jino mahali pake, nayo ni kutibu mzizi wake. Mgonjwa halazwi. Hata hivyo tiba hii huweza kudai safari zaidi ya moja kwa daktari wa meno, na wako wanaoikatiza njiani pindi maumivu yanapotulia.

Ndani ya kila jino mna uwazi wenye nyama laini, mishipa ya damu na neva, unaoshuka hadi ncha za mizizi. Uozo ukitoboa tabaka gumu la nje, bakteria hufika humo. Nyama hiyo huvimba, lakini kuta zinazoizunguka hazipanuki. Ndiyo sababu maumivu hupiga kwa mapigo, huzidi mtu anapolala na huchochewa na chai ya moto. Baada ya siku kadhaa jino huweza kunyamaza ghafla. Ukimya huo huwahadaa wengi. Neva haikupona, imekufa, na bakteria wanaendelea kushuka kuelekea mfupa wa taya, ambako usaha huweza kujikusanya hata miezi kadhaa baadaye.

Vidonge vya antibiotiki haviwezi kuchukua nafasi ya tiba hii, kwa kuwa mishipa ya damu ambayo ingeifikisha dawa ndani ya jino nayo imekufa. Mafuta ya karafuu hutuliza kwa muda, na si uzushi wa wazee: kiini chake, yujenoli, hutumiwa na madaktari wa meno wenyewe. Lakini hayaondoi uozo. Kuweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi ni kosa, maana huuchoma.

Daktari huanza kwa kupiga picha ya eksirei ili aone idadi ya mizizi na hali ya mfupa. Kisha huchoma sindano ya ganzi. Pale jino linapokuwa na uvimbe mkali, ganzi hukawia kukolea na sindano ya pili huhitajika; mgonjwa anayehisi maumivu aseme, asijikaze. Jino hutobolewa kwa juu, nyama iliyooza hutolewa kwa tupa nyembamba mithili ya sindano, na njia za ndani huoshwa kwa dawa yenye klorini. Jino la mbele kwa kawaida lina njia moja, ilhali magego huwa na tatu au nne, na hilo ndilo linaloamua muda: kikao huweza kuchukua nusu saa au kupita saa nzima. Wapo wanaoiita kazi hii kuua mshipa, ingawa mara nyingi daktari huukuta umekwisha kufa.

Njia zikiwa safi na kavu, hujazwa gutapacha, utomvu mgumu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Penye usaha, daktari huweza kuweka dawa ndani, akaziba kwa muda na kumwita mgonjwa tena baada ya wiki moja au mbili. Hapa ndipo penye hatari. Jino limenyamaza, nauli ya kwenda mjini imepanda, na uhaba wa mafuta ya gari ulioisumbua Burundi miaka ya karibuni umefanya hata basi lenyewe kuwa la kusubiriwa. Lakini kizibo cha muda hakikuundwa kudumu. Kikichakaa au kupasuka, mate hupenya, bakteria hurejea, na gharama ya kikao cha kwanza hupotea pamoja na jino. Mgonjwa anayetoka mbali anafaa kuuliza mapema kama kazi inaweza kumalizwa kwa kikao kimoja. Penye vifaa, na jino likiwa halina usaha, jambo hilo huwezekana.

Siku mbili tatu baadaye jino huuma kidogo linapotafuna. Hilo ni la kawaida, na parasetamoli hutosha kwa wengi. Ibuprofeni haiwafai wajawazito wala wenye vidonda vya tumbo, isipokuwa kwa ushauri wa daktari. Mwenye kisukari, mjamzito na mwenye ugonjwa wa vali za moyo waeleze hali zao kabla ya kazi kuanza.

Gego lililotibiwa huwa dhaifu na huweza kupasuka, hivyo mara nyingi huhitaji kofia ya kulifunika. Gharama ya kofia huwashtua wengi kwa sababu hutajwa mwishoni. Inafaa kuuliza bei yote tangu siku ya kwanza: eksirei, vikao, kizibo cha kudumu na kofia. Huduma ya bure iliyoanzishwa nchini mwaka 2006 ililenga watoto wasiofikia miaka mitano na akina mama wanaojifungua. Watumishi wa serikali walio katika mfuko wa bima wa wafanyakazi wa umma waulize wanacholipiwa kabla ya kukaa kitini.

Si kila jino huokolewa. Lililopasuka hadi mzizini, au lililobaki kigutu kisichoweza kushika kizibo, ni bora litolewe, na daktari anayesema hivyo hakosei.

Uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, homa, kinywa kisichofunguka, ugumu wa kumeza au wa kupumua: dalili hizi hazisubiri miadi ya daktari wa meno. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.