Kwenda Lamu kwa Tanga: Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Bei



Ijumaa iliyopita, nilipotoka Msikiti wa Jamia hapa katikati ya Nairobi, nilikutana na jirani yangu wa Lavington. Likizo ikifika ataipeleka familia yake Lamu, wazunguke visiwa kwa jahazi. "Ustadhi, nimeshapanga," akaniambia, simu mkononi. "Siku ya Ijumaa, saa nne tuondoke, saa nane turudi. Ni pesa ngapi?"

Nikamuuliza: saa hizo umepatana na nani?

Wengi wa huku bara huniuliza jambo hili, na watoto wetu tuliowalea Nairobi hawalijui pia. Basi nimeona niliandike.

Maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na 15 za Hijria, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Bamvua la kwetu hujaa alfajiri na alasiri. Kabla ya adhuhuri ufuo umekauka. Kwa hivyo kalenda ya Hijria iliyobandikwa ukutani ndiyo kalenda ya maji pia.

Chukua mfano wa magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Hufikiwa kwa hori lenye mikoko, na chombo huingia maji yakiwa yamejaa. Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, nao hutaka maji.

Upepo. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, huwa na bahari tulivu kuliko kusi. Kusi hukaza Juni na Julai, na nje ya visiwa mawimbi huwa makubwa. Upepo ukiwa wa mbele, chombo hubisha huku na huku, na safari ya saa moja huweza kuwa ya saa tatu.

Kufika. Kutoka Nairobi, ndege hutua Manda na basi huishia Mokowe. Kote utavuka kwa boti. Ukiingia kwa tanga kutoka kusini, Shela iko kushoto kwako, na kiasi cha kilomita tatu mbele ni mji wenyewe. Ngome yake ilikamilika yapata 1821, na mji mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001.

Lakini mle wanaishi watu. Toa salamu kwanza, jisitiri, na usimpige mtu picha bila idhini, hasa kina mama. Ijumaa mchana ni sala. Jirani yangu alitaka nahodha awe baharini wakati ule ule ambao mimi nilikuwa msikitini!

Nahodha. Hakikisha jaketi za kuokolea zinawatosha wote, watoto pia. Pataneni ujira mapema. Kisha, akisema "bado" au "turudi", msikilize.

Haya nayasema kwa kuwa yamenifika. Mwaka mmoja nilikuwa na wageni wangu wa Nairobi. Nahodha alituhimiza tuondoke Takwa. Wao wakataka picha zaidi, nami nikaona haya kuwakataza. Tulikwama matopeni mpaka usiku, mtoto analia, maji ya kunywa yamekwisha. Nahodha hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kosa lilikuwa langu, mimi niliyezaliwa pwani.

Jirani yangu amesogeza safari hadi Jumamosi. Saa ya kuondoka, amesema, atapewa na nahodha.