Baisikeli na Motokaa: Ndugu Wawili Wagombanao Njiani

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za jambo tulionalo kila siku mbele ya milango yetu, nalo ni ugomvi wa wenye motokaa na wenye baisikeli katika njia za Dar es Salaam, hasa katika vitongoji vya nje, kama Temeke, Mbagala, Kinondoni na Mwananyamala. Watu wengi hudhani ugomvi huu ni wa jana na juzi, tena hudhani sababu yake ni ukaidi wa moyo tu. Mimi nasema una asili yake, na asiyejua asili ya ugonjwa ataupaka dawa juu ya ngozi, hali kidonda ki ndani.

Jambo lililonitia kuandika ni hili. Asubuhi moja, nikienda shuleni, nalikuta watu wamekusanyika kando ya njia ya Kilwa. Mchukuzi mmoja wa makaa, aliyetoka shamba usiku na magunia nyuma ya baisikeli yake, alikuwa amegongwa na motokaa. Makaa yametapakaa, gurudumu limepindika, naye mwenyewe ameketi chini, ameshika mguu uliovunjika. Dereva anapaza sauti, "Hana taa huyu! Anapita njia isiyo yake!" Vijana wenye baisikeli wanamjibu, "Njia ni ya watu wote, au wewe umeinunua?" Hapana aliyemwinamia yule aliyeumia, ila mama mmoja muuza vitumbua, aliyefungua leso yake akamfunga mguu. Nikakumbuka habari za mtu yule aliyeangukia kati ya wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Lakini katika habari ile waliomwacha walipita kimya; hawa wetu walisimama, wakabishana juu ya sheria.

Basi na tuanze na asili ya vyombo vyenyewe. Mwaka 1817 Mjerumani aitwaye Karl von Drais alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili, mpandaji akijisukuma kwa miguu yake juu ya ardhi. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley akafanya baisikeli yenye magurudumu mawili yaliyo karibu sawa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, namna hii hii tuijuayo sisi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, akaivisha baisikeli ndogo ya mtoto wake, yenye magurudumu matatu, mipira iliyojaa upepo, ili isimtikise mno. Motokaa nayo ilitokea siku zile zile. Karl Benz wa Mannheim aliitengeneza ya kwanza mwaka 1885, akapata hati ya serikali mwaka 1886. Nayo ilikuwa na magurudumu matatu ya nyaya, na minyororo, kwa mfano wa baisikeli.

Tena wapanda baisikeli wa Uingereza na Marekani ndio waliotangulia kudai barabara laini, katika miaka ya 1880, kabla motokaa hazijaenea katika nchi zao. Kwa hiyo tukisema kweli, motokaa ni mdogo wake baisikeli. Mipira ya upepo aliirithi kwa mkubwa wake, na njia laini kadhalika. Lakini mdogo alipopata nguvu alimsukuma mkubwa wake pembeni, kama Yakobo alivyomnyang'anya Esau haki ya mzaliwa wa kwanza.

Wala tusisahau bei iliyolipwa na watu wa bara letu. Sehemu ya mpira wa magurudumu hayo ilitoka katika misitu ya Kongo, wakati nchi ile ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tangu mwaka 1885 hata 1908. Watu walilazimishwa kwa bunduki kwenda kugema utomvu, na wengine walikatwa mikono. Hivyo Mwafrika aliteswa kwa ajili ya gurudumu kabla hajapata kulipanda.

Hata Ulaya kwenyewe chombo kipya kilipokelewa kwa hofu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 iliagiza kwamba gari liendalo kwa mashine litanguliwe na mtu aendaye kwa miguu, ameshika bendera nyekundu, na mwendo wake katika miji usizidi maili 2 kwa saa. Mwaka 1896 sheria hiyo ilifunguliwa, na mwaka huo huo mwanamke mmoja aliyekuwa akienda kwa miguu aliuawa na motokaa katika London. Tangu hapo swali ni moja tu, nalo halijajibiwa vema mpaka leo: Njia ni ya nani?

Sasa turudi kwetu. Sultani Majid wa Unguja alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam mwaka 1862. Zamani zile njia ilikuwa ya miguu. Wapagazi walipita mmoja nyuma ya mwenzake, na upana wa njia ulikuwa upana wa mtu na mzigo wake. Mwaka 1877 William Mackinnon na wenzake walianza kupasua kutoka Dar es Salaam barabara ya kupitia magari, wakikusudia kulifikia ziwa la Nyasa. Walifika kama maili 70, na mwaka 1881 kazi ikaachwa, nayo nyasi zikaifunika. Mbung'o waliwaua ng'ombe wa kuvuta magari, kwa hiyo miguu ya mpagazi ikaendelea kushinda.

Lakini ushindi ule haukudumu. Tarehe 10 Agosti 1907 askari Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akashika njia ya magharibi. Alifika Swakopmund, pwani ya bahari ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Motokaa ya kwanza kulikata bara la Afrika toka bahari hata bahari ilianza safari yake katika mji wetu huu. Wenyeji wengi siku zile hawakuwa na hata baisikeli.

Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, uligawanyika kwa rangi: Uzunguni kwa nyumba zenye bustani, Uhindini kwa maduka, na Uswahilini kwa Waafrika. Mwaka 1929 daraja la Selander lilijengwa juu ya hori la Msimbazi, na njia ya upande wa Kinondoni na Msasani ikafunguka. Katika miaka ya 1940 na 1950 watu waliongezeka, na vitongoji kama Magomeni, Kinondoni na Temeke vikakua. Mtu alilala mbali na kazi yake, na nauli ilikuwa nzito. Ndipo baisikeli ilipopata heshima. Karani, mwalimu, mpishi na fundi aliweka akiba miezi mingi ili aipate, akaifuta vumbi kila jioni kama mtu amfutavyo farasi wake. Wenye motokaa walikuwa wachache, na wengi wao Wazungu na Wahindi. Kwa hiyo neno la "pisha!" lilipotoka katika motokaa, aliyeambiwa alisikia ndani yake neno lingine la bwana na mtumishi. Uchungu ule haukuisha bendera iliposhushwa mwaka 1961. Umebadili nguo tu: leo mwenye motokaa ni ndugu yetu, labda tumeketi naye ubao mmoja kanisani, na bado tukikutana njiani twasikia sauti ile ile.

Baada ya hayo ulikuja wakati wa shida ya mafuta, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Serikali ilikataza motokaa za binafsi zisitembee alasiri ya Jumapili. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, na tangu miaka ya 1990 motokaa zilizotumika Japani zikaingia kwa wingi sana. Watu nao waliongezeka. Hesabu ya mwaka 1967 ilionyesha watu kama 273,000 katika mji huu. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 5,383,728 katika mkoa wote. Barabara zilipanuliwa, nazo zilipanuliwa kwa ajili ya motokaa. Mwenye baisikeli alibakiwa na ukingo wa lami, wenye mashimo na mchanga, ndipo mahali alipoambiwa apite.

Lakini si haki kusema hapana aliyejaribu kutengeneza. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Benki ya Dunia, mradi wa majaribio kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli ulifanywa Temeke, na tena Morogoro. Vilijengwa vivuko vilivyoinuliwa kama tuta, ili motokaa ilazimike kupunguza mwendo pale pale watu wavukapo. Baadaye waendesha baisikeli wa mji walifanya chama chao, UWABA, wakafanya misafara ya kudai njia zao. Na mabasi ya mwendo wa haraka yalipoanza mwezi wa Mei 2016, njia ya kilometa 21 hivi ilikuwa imekwisha jengwa, tangu Kimara hata Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, Kinondoni. Na kando yake zimewekwa njia za miguu na za baisikeli. Kwa kazi hiyo mji wetu ulipewa tuzo ya dunia ya usafiri kwa mwaka 2018, wa kwanza katika Afrika.

Hata hivyo tazama njia hizo leo. Pikipiki hupita humo zikikwepa msongamano, na wauzaji hupanga bidhaa zao. Hapa pana jambo la ajabu. Neno "bodaboda" lilianza kwa baisikeli zilizochukua abiria katika mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Pikipiki imechukua jina la baisikeli, na sasa yataka kuchukua na njia yake. Ni Yakobo mara ya pili.

Je, wenzetu walifanyaje? Mwaka 1934 Uingereza ilifungua njia ya kwanza ya baisikeli kando ya barabara kubwa ya magharibi ya London. Chama cha wapanda baisikeli kiliipinga, kikiogopa kwamba wakikubali kijia hicho watafukuzwa katika barabara nyingine zote. Uholanzi mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara zao, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakasimama wakalia hadharani, na serikali ikageuza namna ya kujenga miji. Hawakungoja kwanza madereva wote wawe na mioyo mizuri. Walijenga njia ambayo hata mwenye moyo mgumu hulazimika kwenda polepole.

Hapo ndipo penye fundisho. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu 1,190,000 hivi waliuawa na ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu walikuwa waendao kwa miguu, kwa baisikeli na kwa pikipiki. Sababu yake hata mtoto wa shule aweza kuielewa. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne. Motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa, ndio mwisho wa mwendo ulioruhusiwa mijini, hupiga kwa nguvu mara nne ya ile iendayo 25. Dereva ana bati pande zote. Mwenye baisikeli ana shati lake tu. Kwa hiyo wajibu wao hauwezi kuwa sawasawa. Aliyepewa nguvu nyingi atadaiwa uangalifu mwingi.

Lakini nasi wapanda baisikeli tusijifanye watakatifu. Wengi hupita usiku bila taa, na wengine hupita upande wa kulia, wakisema, "Nataka kuiona motokaa inayokuja." Na tupige hesabu. Baisikeli iende kilometa 15, motokaa 50. Zikifuatana upande wa kushoto, motokaa huikaribia baisikeli kwa kilometa 35 kwa saa. Zikielekeana ni 65. Aendaye kwa miguu, mahali pasipo njia yake, ni vema aelekee magari. Mwenye baisikeli ni lazima ashike kushoto. Taa ndogo na kioo chekundu cha nyuma si gharama kuliko jeneza.

Na ajali ikitokea, mgonjwa kwanza, mashauri baadaye. Apelekwe hospitali, polisi wapewe habari na hati ya PF3 itolewe, namba ya gari iandikwe. Sheria yetu humlazimisha kila mwenye motokaa kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine, na maskini wengi hupoteza haki yao kwa kutojua jambo hilo.

Yule mchukuzi wa makaa alipona, lakini mguu wake umekuwa mfupi, na baisikeli yake ameiuza. Watoto wake wawili hawakuonekana shuleni muhula uliofuata. Hiyo ndiyo bei ya ugomvi wetu, wala hailipwi na wale waliopaza sauti siku ile.

Esau na Yakobo walitengana miaka mingi, na Yakobo alipokuwa akirudi aliogopa sana. Lakini walipokutana walikutana njiani, na yule mwenye watu wengi ndiye aliyepiga mbio kwanza akamkumbatia mwenzake. Nasi tusingoje dhaifu aanze. Mwenye motokaa apunguze mwendo kwanza. Mwenye baisikeli naye awashe taa yake, ashike kushoto, na wote wawili wafike nyumbani.